Mkono Ulioganda Kifuani

Habari kwamba Fundi Sumaku anahama Msusi aliipata kwa mteja, tena kichwa cha mteja kikiwa katikati ya magoti yake, upande mmoja umesukwa ukaisha, upande wa pili nywele zimesimama kama ufagio.

"Kwani hujui?" mteja aliuliza, akijaribu kugeuza shingo. "Nimepita pale sasa hivi. Pikapu iko mlangoni, anapakia makabati. Mimi nikajua wewe ndiye wa kwanza kuambiwa. Si ndiye aliyekutengenezea huo mkono?"

Msusi alisimama, chanuo likaanguka, akavaa kiatu kimoja cha kwake na kimoja cha mteja, akashika njia.

"Nisubiri," alisema.

"Nikusubiri na nusu kichwa? Wewe dada, nina shughuli jioni! Msusi! Msusi wee!"

Thubutu! Msusi alishafika barabarani.

Tusimlaumu. Huyu ni mwanamke ambaye mkono wake wa kulia ulibaki kwenye ajali ya basi, na kazi yake yote, jina lake lote, vilikuwa katika vidole vya mkono huo. Alijifungia chumbani, akawa hataki kula, hataki kuoga, hataki hata kuona kitana. Shangazi, aliyemlea tangu wazazi wake walipofariki, ndiye aliyemburuta mpaka kwenye karakana ya Fundi Sumaku, mtengenezaji wa mikono na miguu ya bandia.

Na si mikono ya bandia hii tunayoijua, migumu kama mwiko. Vidole alivyomtengenezea Msusi vilikuwa vya mpira laini uliochanganywa na unga wa chuma. Ukivishika hivi hivi vinalegea kama ncha ya sikio. Lakini kiganjani mlifichwa koili ndogo ya waya na betri. Ukibonyeza swichi, sumaku inaamka, chembe za chuma zinang'ang'aniana humo ndani, na mpira unakakamaa papo hapo. Ukizima, unalegea tena. Kwa hiyo Msusi alivuta kamba ya begani, vidole vikajikunja kwenye kishungi cha nywele, akavikakamaza kadiri alivyotaka, na nywele hazikuteleza wala kukatika. Siku aliyomaliza kichwa cha kwanza alilia mpaka mteja naye akalia.

Mapenzi yalikuja katikati ya "kaza" na "legeza". Fundi alikuwa akiushika ule mkono wa mpira, anasema, "Kaza. Legeza. Kaza tena," huku anamtazama usoni badala ya kutazama mkono. Msusi naye alianza kusingizia kwamba kidole gumba kinalegalega, ili mradi arudi. Basi siku moja Fundi akasema lililomjaa moyoni, na Msusi akasema lake, wakakubaliana kwamba Jumapili Fundi aende akajitambulishe kwa Shangazi. Alikwenda. Aliporudi, hakupokea simu tena. Msusi alipiga, akapiga, akaishia kuandikiwa ujumbe kwamba ana kazi nyingi. Kumbe kazi yenyewe ilikuwa ni kupakia makabati!

Alimkuta karakanani peke yake. Rafu zilikuwa tupu, ukutani zimebaki alama za vumbi mahali palipotundikwa miguu. Kitu kimoja tu hakijaguswa: sumaku kubwa ya umeme, juu ya meza ya chuma, inavuma mmm, na kati ya taya zake kuna kalibu la kuumbia viungo, lenye mpira unaoganda. Fundi alikuwa ameinama juu yake na mikono ya shati imekunjwa. Alipomwona Msusi, rangi ilimtoka.

"Ungeniaga lini?" Msusi aliuliza.

"Ningekupigia nikishafika."

"Ukishafika wapi?"

"Kuna kiwanda kimeniita. Mbali kidogo."

"Muongo! Kiwanda hicho kilikuita zamani, ukakataa. Ulinieleza mwenyewe, umekaa pale, unakula maandazi yangu. Ulisema huwezi kwenda mahali ambako mimi sipo. Leo nimekosa nini?"

"Hujakosa kitu, Msusi."

"Basi nini? Nitazame. Nakwambia nitazame!"

Fundi hakuinua macho. Alirekebisha skrubu ya kalibu, skrubu ambayo haikuhitaji kurekebishwa. Hapo Msusi akapandwa na kichaa cha mapenzi. Sakafuni palikuwa na mstari wa njano, na kila mgonjwa mwenye mkono au goti la mpira alishaonywa asiuvuke sumaku kubwa ikiwa inafanya kazi. Msusi aliuvuka. Alivuta kamba ya begani, vidole vya mpira vikamkamata Fundi shati kifuani.

"Rudi! Rudi nyuma ya mstari!" Fundi alipiga kelele.

Alichelewa. Sumaku kubwa iliuonea wivu ule mkono, ikauvuta upande wake, na vidole vikakakamaa pale pale vilipokuwa, vimefumba ngumi ya kitambaa. Msusi alibonyeza swichi yake. Hakuna kitu. Alitingisha. Hakuna kitu. Wakawa wameganda kifua kwa kifua, watu wawili ambao mmoja alikuwa anamkimbia mwenzake.

"Zima," Msusi alisema, anahema.

"Siwezi. Kipande hakijaganda bado. Humu ndani chembe zimejipanga mistari, na ni sumaku inayozishikilia. Nikizima sasa zinalala hovyo, na unga wenyewe umeisha. Ni goti la yule mwalimu mstaafu. Nilimwahidi sitaondoka kabla ya kulimaliza."

"Kwa hiyo mwalimu mstaafu ulimwahidi, ukamwambia unaondoka. Mimi je?"

Fundi alifumba macho. Walikuwa karibu kiasi kwamba Msusi aliona mishipa ya shingo yake inavyodunda. Fundi alinukia mpira na sabuni. Mara ngapi Msusi aliota kusimama karibu naye hivi! Na sasa amesimama, na kila kitu kinaharibika mbele ya macho yake.

"Shangazi alikwambia nini Jumapili?"

"Mwache Shangazi."

"Alikwambia nini? Sikuachii mpaka useme. Tena siwezi kukuachia hata nikitaka."

Fundi alitabasamu kidogo, tabasamu la kuumiza, kisha likafa.

"Aliniuliza swali moja," alisema polepole. "Alisema, 'Angekuwa na mikono yake yote miwili, huyu mtoto angekutazama?' Nikafungua mdomo nijibu. Sikuwa na jibu."

"Ungekuja kuniuliza mimi!"

"Ungesema ndiyo."

"Kwa sababu ni ndiyo!"

"Ndivyo alivyosema Shangazi kwamba utajibu. Alisema mtu mwenye shukrani hadanganyi, anaamini kweli kabisa kwamba anapenda. Anakuja kugundua siku nyingine, ameshazaa, ameshachelewa. Msusi, wewe ulikuja hapa umekata tamaa, mimi nikakupa mkono. Kila anayepata mguu hapa ananikumbatia na kulia. Nitajuaje kwamba wewe si kama wao, ila umelia zaidi?"

"Mimi najua!"

"Mimi sijui. Na naogopa. Naogopa kuamka siku moja nikakukuta unanivumilia."

Msusi angesema nini? Kila atakalosema linageuka kuwa asante. Akisema nakupenda, ni asante. Akilia, ni asante. Hata angejitupa chini agaegae, wangesema angalia mtoto wa watu alivyo na shukrani. Aliona kama amefungiwa ndani ya nyumba isiyo na mlango. Kwa mara ya kwanza tangu ajali ile alijuta kwamba aliwahi kupewa mkono.

Nje, dereva wa pikapu alipiga honi.

"Bosi! Giza litatukuta njiani!"

"Nakuja!" Fundi aliitikia. Kisha akasema kwa sauti ya chini, ile sauti ya fundi anayemtuliza mgonjwa, "Simama hivi hivi kidogo. Kikishaganda nitazima, utaniachia, na kila mtu atashika njia yake."

Kila mtu atashika njia yake! Yaani moyo wake wote huu, usiku wote wa kutolala, umefikia kuwa jambo la kuzima swichi.

Msusi hakusubiri swichi. Aliingiza mkono wa kushoto ndani ya blauzi, akafungua kifungo cha mkanda wa begani, akauma kamba kwa meno, akavuta. Fundi alielewa akachelewa kuzuia.

"Unafanya nini? Utajiumiza! Msusi!"

Alichomoa. Kigutu kikatoka, chekundu kwa kubanwa, akarudi nyuma mpaka ng'ambo ya mstari wa njano. Mkono ulibaki palepale, unaning'inia kwenye shati la Fundi, umemng'ang'ania kifuani kama mtoto anayekataa kuachwa.

"Haya," Msusi alisema. "Nimekurudishia. Hunidai, sikudai. Mpe mtu mwingine akushukuru."

"Na kazi yako? Utasukaje?"

"Sisuki tena."

"Usiseme hivyo. Chukua mkono wako, tafadhali. Nakuomba."

"Si wangu. Ungekuwa wangu usingenitenga na wewe."

Akageuka, akatoka.

Tangu ajali Msusi hakuwahi kuonekana barabarani na kigutu wazi. Alikuwa anakifunika kwa khanga, kwa sweta, kwa mkoba, hata jua likiwaka. Leo alisimama nacho mchana mweupe, viatu viwili visivyofanana, machozi na makamasi. Dereva aliyekuwa amepumzisha kiwiko dirishani alitazama, akatazama pembeni. Na kando ya pikapu alikuwa amesimama Shangazi, anahema, na nyuma yake mteja wa nusu kichwa, ambaye ndiye aliyekimbia kumwita.

"Mama yangu!" Shangazi alishika mdomo. "Mkono uko wapi?"

"Nimemrudishia mwenyewe."

"Umemrudishia? Una wazimu? Utasukaje, utakula nini, wewe mtoto?" Alikuwa ameshavua khanga yake ya mabegani amfunike. Msusi alirudi nyuma.

"Usinifunike, Shangazi. Niulize."

"Nikuulize nini?"

"Lile swali ulilomuuliza yeye. Kwa nini ulimuuliza yeye ukaacha kuniuliza mimi? Ulisema nampenda kwa ajili ya mkono. Haya, mkono sina. Sina kazi, sina kitu chake hata kimoja mwilini mwangu. Niulize sasa."

Shangazi alimtazama. Uso wake, uso wa mwanamke aliyezoea kusema neno moja nyumba nzima ikatii, ulilegea.

"Mwanangu, mimi nilikuwa nakuokoa."

"Na nini?"

"Na yaliyonipata mimi." Alikaa juu ya ukingo wa barabara, pale pale, bila kujali vumbi. "Unadhani mume wangu nilimpenda? Alimuuguza mama yangu mpaka dakika ya mwisho. Alimnawisha kwa mikono yake. Alipokuja kuniposa, ningemkataaje? Nikaita ile asante mapenzi. Mtu mwema, sisemi. Lakini sikuwahi kugombana naye. Hata siku moja! Kila nikitaka kufungua mdomo, namwona mama kitandani, nameza. Nilimeza mpaka siku tuliyomzika. Watu walishangaa sikulia. Nilikuwa nimechoka kumeza, mwanangu. Usiku ule nililala fofofo, na ndilo jambo ninaloona aibu kuliko yote."

Mteja alijishika upande wa kichwa usiosukwa kana kwamba ameingia nyumba ya watu bila hodi.

"Basi niulize," Msusi alisema tena, sasa kwa kunong'ona.

"Unampenda?"

"Nampenda. Na anaondoka. Na nitampenda akiwa ameondoka, sijui nitafanyaje."

Mlango wa karakana ulisukumwa kwa bega, Fundi akatoka. Shati limechanika kifuani, mkono wa mpira ameushika, umelegea, vidole vinatikisika. Ndani hakukuwa na mvumo tena. Sumaku ilikuwa imezimwa.

"Goti la mwalimu?" Msusi aliuliza, maana kazi ni kazi.

"Limeharibika. Nitalitafutia unga upya." Alimgeukia Shangazi, akapiga goti moja mbele yake palepale ukingoni. "Shangazi, Jumapili nilikosa jibu kwa sababu niliogopa kusema ukweli. Mimi nilimtaka kabla sijampa kitu. Siku ile uliyomleta, aliniambia nipeleke mikono yangu ya midoli kwa watoto. Nilimtaka siku hiyo hiyo. Ndiyo maana nilichelewesha."

"Ulichelewesha nini?" Shangazi aliuliza.

"Mkono. Niliwaambia mpira unahitaji wiki kadhaa kuganda. Hauhitaji. Unaganda siku moja. Ulikuwa tayari kabatini, nikawa namwita kupima, namwita kupima, ili aendelee kuja."

Msusi akapata moto.

"Nini? Rudia! Ulikuwa kabatini?"

"Msusi, ngoja..."

"Ningoje nini tena! Mimi nakaa nyumbani siwezi kufunga hata kifungo cha sketi, Shangazi ananikatia nyama kama mtoto, na mkono wangu umelala kabatini kwako? Unaniambia 'vumilia, chembe zinajipanga'! Chembe gani? Mshenzi wewe! Na mimi nikakuletea maandazi!"

"Nilikosa."

"Ulikosa? Ulinidhulumu! Na leo unanikimbia eti unaogopa shukrani. Shukrani ya nini, mwizi mkubwa wa vidole vya watu? Njoo hapa! Usirudi nyuma, njoo hapa nikuambie!"

Alikuwa amemfikia, anampiga kifuani kwa kigutu, pu, pu, pale pale shati lilipochanika, huku analia, na Fundi amesimama anapigwa, machozi yanamtoka, anasema ndiyo, ndiyo, una haki. Mteja alianza kucheka akajiziba mdomo. Dereva alizima redio asikie vizuri.

Shangazi alikuwa bado amekaa ukingoni. Alimtazama mtoto wa kaka yake anavyofoka, bila kuchagua maneno, bila kumeza hata moja, mbele ya mwanamume aliyemrudishia kazi yake. Midomo yake ilikuwa inacheza kama anayejaribu kusema maneno yale yeye mwenyewe. Kisha akasimama, akapangusa vumbi, akaenda dirishani kwa dereva.

"Baba," alimwambia, "shusha vitu vya mkwe wangu. Na usivibamize."